Tenga linalomwagika simu ikigeuzwa

Yule mama hakutuambia kwamba programu yetu ina hitilafu. Alituambia tunamwibia samaki.

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, mnadishaji kashaanza kupaza sauti, maboti mawili ya mwisho yanashusha mzigo, na yeye kasimama pembeni na simu mkononi. "Wanangu, nimetia changu kilo nane na kolekole wanne. Nimetazama picha, narudi, tenga tupu. Mara ya tatu hii. Nani anawatoa?" Tukamwamkia, akaitikia shikamoo yetu kwa mkato, tukaomba simu. Mwenzangu akatia changu, akatia nguru, akateremka kwenye orodha ya bei, akarudi kwenye tenga. Samaki wote wapo. Akarudia. Wapo. Mama akatutazama kama anayetazama mizani iliyochezewa.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja, nao ni mstari ambao kila anayejifunza kazi hii huandika katika wiki yake ya kwanza. Mimi niliuandika nikiwa na uzoefu wa miaka minne.

Programu ni ukurasa wa wavuti tuliowatengenezea kikundi cha wachuuzi. Karani wa mnada anaingiza kila fungu: aina ya samaki, uzito, bei ya kilo, picha. Mchuuzi au mama lishe aliyeko Ngamiani au Chumbageni anafungua kwenye simu, anatia anachotaka kwenye tenga, anathibitisha, na kijana wa baiskeli anampelekea. Tumeijenga kwa React, maktaba ya JavaScript inayounda ukurasa kwa vipande viitwavyo komponenti. Taarifa ambazo komponenti nyingi zinazihitaji kwa pamoja, yaani bei, tenga na ujumbe, zimekaa katika stoo moja ya Redux, maktaba ya kutunza hali ya programu mahali pamoja. Kichwa cha ukurasa kinasoma humo idadi ya samaki waliochaguliwa, orodha inasoma humo bei, na tenga hali kadhalika. Komponenti haibadilishi stoo kwa mkono wake. Inatuma kitendo, yaani taarifa ya kilichotokea, na ridusa, funksheni inayopokea kitendo hicho, ndiyo inayoamua hali mpya iweje.

Washukiwa wetu wa kwanza walikuwa wale wa siku zote. Mtandao, maana ufukweni asubuhi unasuasua. Simu yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ya zamani na tukadhani kivinjari kinaufunga ukurasa ili kuokoa nafasi. Na, aibu kusema, vidole vya mama. Tukakaa siku mbili chumbani kwetu Barabara ya 12 tukisoma kumbukumbu za seva. Hatukupata kitu, na tusingepata hata tungekaa mwezi, kwa sababu tenga halifiki kwenye seva mpaka mtu athibitishe. Kilichomwagika kilimwagikia ndani ya simu.

Siku ya tatu niliacha kumuuliza maswali, nikawa namtazama tu. Akatia samaki. Akagusa picha ya kolekole. Kisha akafanya jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya hata mara moja: akailaza simu upande, picha ijae kioo, aone jicho la samaki lina ung'avu na mashavu yana wekundu. Mnunuzi yeyote wa samaki Tanga angefanya hivyo. Akaisimamisha tena. Tenga tupu. Wakati wote huo mimi na mwenzangu tulikuwa tunajaribu programu tukiwa tumeishika simu wima, kama watu wanaosoma ujumbe.

Nikaomba simu, nikatia samaki mmoja, nikailaza, nikaisimamisha. Tupu. Nikamwambia, "Mama, samahani, hakuna mwizi. Ni sisi." Akasema, "Nilijua ni nyinyi."

Msimbo uliohusika ulikuwa huu (useEffect huendesha kazi baada ya komponenti kupachikwa, yaani kuwekwa kwenye skrini):

    function Tenga() {
      const tuma = useDispatch()
      useEffect(() => {
        tuma(andaaTenga())
      }, [])
      // mengine yanafuata
    }

Kitendo cha andaaTenga kinaweka orodha tupu katika stoo pamoja na namba ya mnada wa leo. Nilikiandika siku ya kwanza kabisa ya mradi, ukurasa ukiwa mmoja na tenga likiwa moja. Komponenti ikipachikwa kwenye skrini, tenga liandaliwe. Ilisomeka vizuri na ilifanya kazi.

Miezi miwili baadaye mwenzangu akatengeneza mipangilio miwili, mmoja wa skrini nyembamba na mwingine wa skrini pana ambao tenga linakaa kando ya orodha:

    return upana > 600 ? <UkurasaMpana /> : <UkurasaMwembamba />

Naye hakukosea. Ila tazama linalotokea. Simu ya mama, kwa vipimo vya kivinjari, ina upana wa pikseli 360 ikisimama na 800 ikilala. Ikilazwa, React inakuta mahali palepale pamebadilika aina ya komponenti: palikuwa na UkurasaMwembamba, sasa pana UkurasaMpana. Kwa React hivyo ni vitu viwili tofauti hata kama ndani yake mna Tenga lilelile. Inaubandua mti wote wa zamani na kupachika mpya. Stoo haiguswi, iko nje ya mti huo. Lakini Tenga jipya limepachikwa, na kila Tenga likipachikwa linatuma andaaTenga. Samaki waliokuwa salama katika stoo wanafutwa na komponenti iliyokuja kuwaonyesha.

Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Komponenti ni wageni wa namna hiyo. Zinakuja skrini ikipanuka, zinaondoka mtu akibadilisha ukurasa, zinarudi akibonyeza kitufe cha nyuma. Hali ya pamoja ndiye mwenyeji. Sisi tulimpa kila mgeni anayeingia mamlaka ya kufagia nyumba.

Kiini cha mkanganyiko ni yale mabano matupu mwishoni mwa useEffect. Wengi wetu tunayasoma kama "fanya mara moja". Maana yake ni finyu zaidi: fanya baada ya kupachikwa, kwa sababu hakuna thamani nyingine inayofuatiliwa ya kufanya irudiwe. Komponenti ikipachikwa mara kumi, itafanyika mara kumi. Tabia ya kuona kupachikwa kama mwanzo wa mambo tumeirithi mbali. Zama za kurasa za kawaida, ukurasa ukipakiwa ndiyo kila kitu kimeanza upya, hata kumbukumbu ya kivinjari kuhusu ukurasa huo. Zikaja komponenti za klasi na componentDidMount yake, kisha hook, funksheni kama useEffect, zikatoka na React 16.8 mwezi Februari 2019, na sisi tukahamisha mazoea yaleyale katika mabano matupu. Jina likabadilika, dhana ikabaki ya ukurasa unaopakiwa mara moja.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma zaidi, maana tulionywa.

Tangu React 18, iliyotoka Machi 2022, ukitumia StrictMode, hali ya ukaguzi ya React, wakati wa kutengeneza programu, React inapachika kila komponenti mpya, inajifanya kuibandua, kisha inaipachika tena palepale. Inafanya hivyo makusudi ili kufichua athari, yaani kazi za useEffect, zisizovumilia kurudiwa, na katika programu iliyokwisha kutolewa kwa watumiaji haifanyi. Kwenye konsoli yetu, dirisha la kumbukumbu za kivinjari, andaaTenga ilikuwa inaonekana mara mbili kila ukurasa ukifunguka. Niliiona. Nilichofanya ni kutafuta namna ya kuinyamazisha: nikaweka bendera, alama ya kweli au si kweli, ndani ya useRef, kihifadhi cha komponenti yenyewe; ikishakuwa kweli basi kitendo kisitumwe tena. Konsoli ikatulia, nikaenda kunywa kahawa.

Bendera ile ilikuwa na kasoro mbili, na moja inaifunika nyingine. Katika ule mchezo wa StrictMode, React 18 inahifadhi hali na ref za komponenti kati ya kubanduliwa na kupachikwa, kwa hiyo mara ya pili bendera inakutwa imeshapandishwa. Lakini simu ikigeuzwa kweli, komponenti ya zamani inakufa na ref yake. Mpya inazaliwa na bendera iliyoshushwa, inatuma andaaTenga bila kizuizi. Nilizima king'ora peke yake, moto nikauacha. Halafu, hata bila bendera tusingeona madhara mezani kwetu, kwa kuwa kurudia kwa StrictMode kunatokea komponenti inapopachikwa, na sisi kompyuta zetu hatuzilazi ubavu. Tulikuwa tunaipachika mara moja tu, asubuhi, tenga likiwa bado halijatiwa kitu. Ukimwaga tenga tupu mara mbili, halionyeshi tofauti.

Ushauri wangu kwa anayeona kitendo kinatumwa mara mbili katika StrictMode ni kujiuliza kwanza: kikitumwa mara tano, katikati ya kazi ya mtumiaji, nini kitaharibika? Kama jibu ni "hakuna", acha kijirudie. Kama kuna jibu lingine, umeshapata hitilafu kabla ya mama wa Deep Sea hajaipata.

Kurekebisha kulituchukua majaribio matatu, mawili ya mwenzangu na moja la wote.

Kwanza alikiondoa kitendo ndani ya Tenga akakiweka katika komponenti mzazi, ile ya ukurasa, akisema mzazi hutangulia, basi aandae kwanza ndipo watoto waje. Wakati huohuo tulikuwa tumeshaongeza mtoto mwingine ambaye, akipachikwa, anarudisha samaki kutoka hifadhi ya kivinjari, ili tenga lisipotee mtu akifunga ukurasa kwa bahati mbaya. Matokeo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Kuchora kunaanzia kwa mzazi, ndiyo, lakini athari za useEffect wakati wa kupachikwa zinakimbia kwa watoto kabla ya mzazi. Mtoto akarudisha samaki, mzazi akafuata akawafuta. Na kwa kuwa tulikuwa na msimbo unaoandika kila badiliko la tenga kwenye hifadhi ya kivinjari, ule utupu ukaandikwa nako. Sasa hata ukifungua ukurasa upya samaki hawarudi. Tulikaa nusu siku tukilaumu hifadhi.

Jaribio la pili lilikuwa bendera tena, safari hii ndani ya stoo: limeandaliwa, kweli au si kweli. Hili lilifanya kazi. Geuza simu utakavyo, tenga limetulia. Mwenzangu alitaka tuishie hapo na sikuwa na hoja ya haraka ya kumpinga, mpaka kesho yake asubuhi nilipofungua simu yangu mwenyewe. Ukurasa ulikuwa wazi tangu jana. Tenga lilikuwa na pweza wa jana, kwa bei ya jana, kutoka mnada uliokwisha. Bendera ilisema limeandaliwa, na kweli lilikuwa limeandaliwa, jana.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Tulikuwa tunauliza tenga liandaliwe mara ngapi. Tukaanza kuuliza ni tukio gani, huku nje duniani, linalolifanya tenga kuwa jipya. Mtu wa Deep Sea angekujibu bila kufikiri: mnada mpya ukifunguliwa. Kugeuza simu hakuhusiki, wala kufungua ukurasa. Basi kitendo kikapewa jina la tukio lenyewe, na hukumu ikahamia kwenye ridusa:

    mnadaUmefunguliwa(hali, kitendo) {
      const namba = kitendo.payload.namba
      if (hali.mnada === namba) return
      hali.mnada = namba
      hali.zilizopita = hali.samaki
      hali.samaki = []
    }

Kitendo hiki kinatumwa pale majibu ya bei yanaporudi kutoka kwa seva, kwa sababu majibu hayo yanabeba namba ya mnada. Kikitumwa mara mbili, mara ya pili hakifanyi chochote. Kikitumwa kila simu ikigeuzwa, vivyo hivyo. Mnada wa asubuhi ukifunguliwa huku ukurasa umekesha wazi, namba inatofautiana na samaki wa jana wanasogezwa pembeni. Tulibishana kama wafutwe kabisa au wabaki wakiwa na alama ya mnada uliofungwa. Nilishinda mimi, wamebaki, kwa sababu mama lishe hununua vilevile karibu kila siku na orodha ya jana ni msaada kwake.

Kurudisha samaki kutoka hifadhi ya kivinjari tulikutoa kabisa kwenye komponenti. Sasa stoo inapoundwa, kabla hata ya kuchora chochote, inapewa hali ya kuanzia iliyosomwa kutoka kwenye hifadhi. Kuna faida ambayo hatukuitafuta. Athari za useEffect kwa kawaida hukimbia baada ya skrini kuchorwa, kwa hiyo zamani mtu aliona tenga tupu kwa kufumba na kufumbua kabla samaki hawajatokea. Mtu ambaye tenga lake limeshamwagika mara tatu hahitaji kuonyeshwa hivyo hata kwa nukta.

Tukidhani tumemaliza, likaibuka la bei.

Kupachikwa kwa orodha kulikuwa kunatuma letaBei. Kichwa cha ukurasa nacho kilituma letaBei, kwa kuwa kinaonyesha jumla ya fedha. Na Tenga pia. Maombi matatu ya kitu kilekile, na simu ikigeuzwa, matatu mengine, kwa bando la mtu. Hilo peke yake lingekuwa uzembe tu. Ubaya ni kwamba majibu hayalazimiki kurudi kwa mpangilio wa maombi. Ombi lililotumwa kwanza, nguru akiwa 12,000 kwa kilo, linaweza kukwama njiani. La pili likatumwa karani ameshapandisha nguru hadi 14,000, likarudi upesi, skrini ikaonyesha 14,000. Kisha lile la kwanza likafika likihema na kuandika 12,000 juu yake. Ridusa yetu ilikuwa inamwamini yeyote anayefika mwisho. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na mzigo ukiwa haba, bei hupanda mnada ukiendelea, na mteja anayeona bei ya zamani atagombana na karani ambaye hana kosa.

Tulifanya mambo mawili. Kabla ya kutuma ombi tunatazama stoo: kama kuna ombi lililo njiani, au bei zilizopo zina umri chini ya nusu dakika, hatutumi. Redux Toolkit, zana rasmi za Redux, ina mahali pa sharti hilo ndani ya createAsyncThunk, funksheni yake ya kutuma maombi, haikuhitaji ubunifu. La pili, seva inapiga kila orodha ya bei namba ya toleo, na ridusa inakataa toleo lililo dogo kuliko ililonalo. Kwa sharti la kwanza tungeweza kuridhika, lakini sharti hilo linapunguza mbio, yaani maombi kushindana nani afike mwisho, haliziondoi. Mtu akivuta ukurasa kuomba bei mpya kwa lazima, mbio zinarudi.

Msomaji atauliza: kwa hiyo letaBei bado inatumwa komponenti ikipachikwa? Ndiyo, na sioni haya. Orodha ya bei ikitokea kwenye skrini, kusema "nahitaji bei" ni haki yake. Inaomba, na stoo inaweza kumjibu kwamba bei ipo tayari. Kilichotuponza ni komponenti kutoa amri ya kuanza upya. Kuna waliokwisha kuliondoa hata hilo mikononi mwao kwa RTK Query, sehemu ya Redux Toolkit ya kuleta data, ambapo komponenti inataja inachotaka na chombo kinajua nani keshaomba. Tunaelekea huko polepole, kurasa za zamani kwanza.

Baada ya hapo tukapekua msimbo wote tukitafuta kila useEffect yenye mabano matupu inayotuma kitendo. Tulipata kumi na moja. Nyingi zilikuwa maombi ya data, tukaziwekea sharti lilelile. Moja ilinichekesha: komponenti ya ujumbe, ikipachikwa, ilikuwa inatuma ujumbeUmesomwa. Kwenye mpangilio mwembamba ilikuwa sawa, kwa sababu inapachikwa mtu akiifungua. Kwenye mpangilio mpana inapachikwa pamoja na ukurasa, imejificha nyuma ya kichupo, na ujumbe wote wa karani ulihesabiwa umesomwa kabla jicho la mtu halijaufikia. Ndiyo maana wachuuzi wanaotumia kompyuta walikuwa hawapati habari za mnada kuahirishwa, nasi tulikuwa tunasema hawasomi. Sasa kitendo kinatumwa kichupo kikifunguliwa.

Tumebakiwa na moja ambayo bado tunavutana, ya kuhesabu ni watu wangapi wameangalia fungu fulani. Mwenzangu anaihesabu komponenti ya picha ikipachikwa. Mimi nasema hapo anahesabu kugeuzwa kwa simu, na kwamba kolekole wa yule mama ndiye samaki aliyetazamwa kuliko wote Tanga.

Mama mwenyewe anatumia programu kila asubuhi, analaza simu na kuisimamisha mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona mtu akifanya. La tenga hajalitaja tena. Siku hizi analalamika kwamba picha ni za giza, hauoni shavu la samaki. Hilo tumemwachia karani.